Mathias Mnyampala: Mkristo Aliyeandika Mila za Ugogo Bila Kuona Haya



Kila ifikapo Novemba, sisi tunaoishi huku Msalato tunalijua swali litakaloletwa mlangoni petu. Mashamba yamekwisha kusafishwa, vumbi limetanda hadi kwenye matawi ya mibuyu, na macho ya watu wote yamo mawinguni. Ndipo mzee mmoja, Mkristo wa miaka mingi, huja jioni na kuuliza kwa sauti ya chini kama ni dhambi kwenda pamoja na ndugu zake kwenye maombi ya mvua ya kimila. Uwele na mtama vikishavunwa, swali hurudi kwa sura nyingine. Safari hii huulizwa na vijana wa kwaya: ngoma, zeze na nyimbo za mavuno walizorithi kwa bibi zao zina nafasi gani katika maisha ya mtu aliyebatizwa?

Jibu la haraka halina taabu kulitoa. Mmoja husema yote hayo ni upagani, yatupwe. Mwingine husema yote ni utamaduni wetu, yaachwe yalivyo. Majibu yote mawili humwondolea mtu kazi ya kufikiri. Kwa hiyo tumeona vema kuanza na maisha ya mtu mmoja wa nchi hii ya Ugogo, Mkatoliki mwenzetu, ambaye jina lake linajulikana kwa kila mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili, ingawa nyumbani kwake si wengi wanaolikumbuka. Huyo ni hayati Mathias Eugen Mnyampala.

Mnyampala alizaliwa tarehe 18 Novemba 1917 huko Muntundya, Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma, katika eneo ambalo leo tunaliita Chamwino. Wazee wa Ugogo hawahitaji kuelezwa mwaka huo ulikuwa wa namna gani. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepita juu ya nchi. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao majeshi ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, yalichukua nafaka, tena yalichukua wanaume wenye nguvu kwenda kubeba mizigo. Kisha mvua ikakatika. Njaa iliyofuata, kuanzia 1917 hadi 1920, Wagogo waliipa jina la Mtunya. Inakadiriwa kuwa watu 30,000 walikufa, katika nchi iliyokuwa na watu wapatao 150,000, na homa kali ya mafua ya mwaka 1918 ikaongeza makaburi. Mtoto aliyezaliwa wakati huo na akaishi alikuwa kama mbegu iliyosazwa ghalani.

Inafaa tulikumbuke jambo hili kabla ya kusema neno lolote juu ya mila za majira. Kwa mtu wa mjini anayefungua bomba, mvua ni habari ya hali ya hewa. Kwa Mgogo wa kizazi cha Mnyampala mvua ilikuwa uhai na mauti. Nchi yetu hupata msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, kati ya Desemba na Aprili, na mvua yenyewe ni haba. Ikichelewa kidogo, mbegu huungua ardhini. Ikikatika Februari, masuke hubaki matupu. Watu walioishi ukingoni namna hiyo wasingeweza kuuacha mwaka upite bila sala, bila sadaka, bila ngoma. Ibada zao za majira zilizaliwa na hofu hiyo, na pia na shukrani ya kweli pale chakula kilipopatikana.

Kijana Mathias alikua kama walivyokua wavulana wa Kigogo wa siku zile, nyuma ya mifugo. Elimu yake ya darasani haikuwa ndefu, na mengi alijisomea mwenyewe. Alipokea ubatizo katika Kanisa Katoliki, akashika imani hiyo hadi mwisho wa maisha yake. Alifanya kazi ya ualimu, kisha akaingia katika utumishi wa serikali, akapanda kutoka ukarani hadi uhakimu. Kazi hizo zilimpitisha katika vijiji vingi na kumkalisha mbele ya wazee wengi. Mwalimu husikiliza watoto, karani huandika majina ya watu na mali zao, hakimu husikiliza mashauri ya ndoa, ya urithi, ya ng'ombe na ya mipaka. Mtu wa namna hiyo, akiwa na masikio, huijua jamii yake hadi ndani ya zizi.

Mwaka 1935 Kanisa liliunda Prefektura ya Kitume ya Dodoma, ikakabidhiwa kwa wamisionari Wapasionisti, wa Shirika la Mateso ya Yesu. Mwaka 1953 likawa Jimbo kamili. Mwaka uliofuata, yaani 1954, Mnyampala akiwa na umri wa miaka thelathini na sita hivi, kitabu chake cha kwanza mashuhuri kilitolewa: Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Tunaona vema kuziweka tarehe hizi mbili pamoja. Wakati Kanisa mahalia la Dodoma lilipokuwa likisimama kwa miguu yake, mmoja wa waamini wake alikuwa akiandika, kwa mkono wake na kwa Kiswahili fasaha, jinsi mababu walivyoishi kabla Injili haijafika.

Katika kitabu hicho alisimulia asili ya koo, habari za watemi na mila za watu wao. Jambo la kutazamwa ni namna alivyoandika. Wageni wengi waliotangulia kuandika juu ya Ugogo walikuwa wapita njia wa misafara. Waliandika juu ya kiu, juu ya hongo waliyotozwa na watemi, na juu ya ukaidi wa wenyeji. Mnyampala aliandika kama mtoto wa nyumbani anayewajua watu kwa majina. Hakuwadhihaki wazee wala hakuwapamba. Miaka mingi baadaye, mwaka 1995, mwanahistoria Mmarekani Gregory Maddox alikitoa kitabu hicho kwa Kiingereza, na tangu hapo watu wa mbali wanaisoma Ugogo kwa macho ya Mgogo.

Je, mwaka wa Kigogo ulikuwaje? Tuueleze kwa kifupi, kwa ajili ya vijana wetu waliokulia mjini. Mtemi wa kila eneo ndiye aliyekuwa mlinzi wa mvua. Alikuwa na kigoda chake na mawe ya mvua, ambayo yalirithiwa ndani ya ukoo wake. Mvua ilipokaribia au ilipochelewa, watu walikwenda kwake, na mnyama mweusi alichinjwa, kwa kuwa weusi ndio rangi ya wingu lenye maji. Pombe ya mtama na unga vilipelekwa kwenye makaburi ya mababu, ili wao walio karibu zaidi na Mulungu wawaombee watoto wao. Wakati wa masika watu walikuwa shambani, kupanda na kupalilia. Baada ya mavuno, kiangazi kilipofungua nafasi na ghala zikiwa na chakula, ndipo yalipofika majira ya jando, ya arusi na ya ngoma. Wanawake waliweka ngoma za muheme katikati ya mapaja yao wakazipiga, wanaume wakaimba kwa zeze na marimba, na usiku wakongwe wakawasimulia watoto hadithi za sungura na fisi. Vyombo vyenyewe vilikuwa kazi ya mikono ya nyumbani: kibuyu kilichokaushwa na kunakshiwa, ngozi iliyowambwa, ungo uliosukwa.

Sasa mtu atauliza: Mkristo aliyeandika mambo hayo alikuwa akiyaabudu? Maisha ya Mnyampala yanajibu. Katika miaka ya 1960 kalamu ileile iliyoandika mila za Wagogo ilitunga Utenzi wa Enjili Takatifu na Utenzi wa Zaburi, vitabu vilivyochapishwa na watawa Wabenediktini wa Ndanda. Aliyachukua maisha ya Bwana wetu Yesu Kristo akayaweka katika mizani ya utenzi, umbo ambalo waswahili wa pwani walikuwa wamelitumia kwa karne nyingi kusimulia habari za dini yao. Akazichukua Zaburi, sala za watu wa Israeli ambao nao walikuwa wakulima na wafugaji wenye kulilia mvua, akazipa vina. Mtu aliyeona haya juu ya asili yake asingeweza kufanya kazi hiyo, na mtu aliyeishika imani yake kwa mashaka asingekuwa na sababu ya kuifanya.

Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Lugha hiyo ilikuwa Kigogo. Hata hivyo aliufikia ustadi ambao wenyeji wa pwani waliukiri. Alikuwa rafiki wa Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi Mwislamu aliyepata kuwa Meya wa Dar es Salaam na waziri katika serikali ya nchi huru, na sheikh huyo alipofariki mwaka 1964, Mnyampala aliandika historia ya maisha yake. Yeye mwenyewe alishika uongozi wa chama cha washairi, UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Katika chama hicho wengi walikuwa Waislamu wa pwani, na kiongozi wao akawa Mkatoliki kutoka nchi kavu ya kati. Hilo nalo ni somo kwa siku zetu.

Jina lake limeshikamana zaidi na ngonjera, yaani mashairi ya majibizano yanayoimbwa na watu wawili au zaidi mbele ya hadhira. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi wayafikishe mafundisho ya ujamaa kwa wananchi, na Mnyampala aliitikia kwa ngonjera zilizosambaa mashuleni kote. Kila mmoja wetu aliyesimama mstarini akiwa mtoto na kujibizana kwa vina mbele ya mgeni rasmi alikuwa mwanafunzi wake bila kujua. Kwa mtu aliyelelewa Ugogo, kuimba kwa kupokezana halikuwa jambo geni. Mmoja huanzisha na kundi huitikia, ndivyo ngoma zetu zinavyokwenda hata leo.

Simulizi ya maisha yake mwenyewe aliipa jina la Maisha ni Kugharimia. Alifariki dunia hapa Dodoma tarehe 8 Juni 1969, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Juni kwetu ni majira ya mavuno. Wiki chache baadaye, mwishoni mwa Julai mwaka huohuo, Baba Mtakatifu Paulo VI alifika Kampala, Papa wa kwanza katika nyakati zetu kukanyaga ardhi ya Afrika, akawaambia Waafrika kwamba wanaweza, tena wanapaswa, kuwa na Ukristo wa Kiafrika. Mnyampala hakuishi kulisikia neno hilo, lakini kazi yake ilikuwa imelitangulia kwa miaka kumi na mitano.

Kutoka katika maisha haya tunajifunza nini kuhusu swali la yule mzee wa Novemba na vijana wa kwaya?

Kwanza, tujifunze kujua kabla ya kuhukumu. Wapo waliotutangulia katika utume ambao, kwa bidii njema, walikataza kila ngoma kwa sababu hawakuelewa maneno yake. Matokeo tunayajua. Mila hazikufa, zilijificha, na Mkristo akawa na mioyo miwili: mmoja wa Jumapili asubuhi na mwingine wa usiku wa kiangazi. Mnyampala aliyaleta mambo hayo mchana, akayaweka kwenye karatasi ambapo kila mtu anaweza kuyasoma, kuyapima na kuyajadili. Kilicho mchana kinaweza kusafishwa.

Tena, hii ni njia ya zamani ya Mama Kanisa. Mtakatifu Gregori Mkuu, mwaka 601, alipomwandikia Abate Mellitus aliyekuwa njiani kwenda Uingereza, aliagiza kwamba mahekalu ya wapagani yasibomolewe. Sanamu ziondolewe, nyumba zinyunyiziwe maji ya baraka, na watu waliozoea kuchinja ng'ombe kwa ajili ya mizimu wawachinje kwa karamu ya kumshukuru Mungu katika sikukuu za mashahidi, wakiwa katika vibanda vya matawi. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Liturujia ya mwaka 1963, ulifundisha kwamba mambo yasiyofungamana na ushirikina au makosa katika desturi za mataifa yatazamwe kwa wema, na ikiwezekana yatunzwe, hata kuingizwa katika liturujia. Huo ndio msingi wa utamadunisho.

Pili, kupima ni lazima. Mtume Paulo alipokuwa Listra, kuhani wa Zeu alimletea ng'ombe na mashada ya maua ili amtolee sadaka. Paulo alirarua mavazi yake kwa uchungu, akakataa. Lakini katika kukataa huko hakuyadharau maisha ya wale watu. Aliwaambia kwamba Mungu wa kweli hakuwaacha bila ushuhuda, maana ndiye aliyewapa mvua kutoka mbinguni na majira yenye mazao, akiwajaza mioyo yao chakula na furaha. Palepale alikataa sadaka na kuipokea shukrani iliyokuwa ndani yake.

Kwa kipimo hicho tunaweza kusema wazi. Kumwomba mganga afunge au afungue mvua ni kuukabidhi moyo kwa asiye Mungu. Kumnyoshea kidole mjane mzee kwamba amezuia mawingu ni dhambi dhidi ya haki na upendo, na yafaa kila mzee wa kanisa aikemee hadharani. Na yapo yaliyofanyika katika majira ya jando ambayo hayana utetezi wowote. Ukeketaji wa wasichana ni kosa la jinai tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionesha kuwa katika Mkoa wetu wa Dodoma karibu wanawake 47 kati ya 100 walikuwa wamekeketwa. Hapa hakuna cha kutamadunisha. Mwili wa binti ni hekalu la Roho Mtakatifu, na mila inayoujeruhi ikomeshwe, hata kama inaimbiwa nyimbo nzuri.

Tatu, kilicho chema kitolewe kwa Mungu. Waisraeli walileta mganda wa kwanza wa mavuno mbele za Bwana, na siku hamsini baadaye wakaadhimisha sikukuu ya mavuno ambayo kwetu imekuwa Pentekoste. Kwa nini basi suke la kwanza la mtama wa Msalato lisipandishwe altareni kama malimbuko, ndani ya ungo uliosukwa na akina mama wenyewe? Kwa nini muheme isilie wakati wa matoleo, na zeze lisiongoze wimbo wa shukrani? Kumbukumbu ya mababu inayo nafasi yake mwezi Novemba tunapowaombea marehemu wote, na makaburi yao yaweza kusafishwa na kubarikiwa na familia nzima ikiwapo. Yule mzee anayetaka kuomba mvua asiachwe aende gizani peke yake. Kanisa linazo sala za kuomba mvua. Parokia na iitishe mfungo na Misa, na maandamano ya kupita mashambani kwa Litania ya Watakatifu, watu wote wakiimba kwa kupokezana kama baba zao walivyoimba. Haya yote yafanyike kwa kibali cha Askofu na kwa maelekezo ya liturujia, ili kila mmoja asijitungie ibada yake.

Tunawaomba walimu wa dini, hasa wale wa shule zilizo jirani nasi, wafanye jambo dogo mwaka huu baada ya mavuno. Wawatume wanafunzi kwa babu na bibi zao wakiwa na daftari. Waandike jina la kila ngoma, namna chombo kinavyotengenezwa, wimbo ulikuwa wa majira gani, na hadithi iliyosimuliwa usiku. Wazee waliojua hayo wanapungua kila kiangazi, na wakiondoka hakuna tena wa kumuuliza. Kisha daftari hizo ziletwe parokiani, tuzisome pamoja, tupembue kama akina mama wanavyopembua uwele: pumba zipeperushwe, punje zibaki.

Mathias Mnyampala, aliyezaliwa katika mwaka wa njaa, alituachia ghala. Bwana amjalie pumziko la milele, na mwanga wa milele umwangazie. Nasi tuombe mvua njema, na moyo wa kujua ni nani anayeinyesha.

Tumsifu Yesu Kristo. Milele na milele. Amina.